Shahada ya uhasibu: piga hesabu hadi CPA, usiishie kwenye joho

Mwaka juzi mpwa wangu alichaguliwa vyuo viwili kwa mpigo: IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) pale Posta, Dar es Salaam, na TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania) kampasi ya Singida. Kote ni shahada ya uhasibu, miaka mitatu. Ilimbidi athibitishe kimoja kabla dirisha la udahili halijafungwa, na ujumbe wenye namba ya uthibitisho ulikuwa umeshaingia kwenye simu. Baba yake, shemeji yangu, alishamtafuta dalali wa kuuza kiwanja ili mtoto aende Dar. Kabla ya kusaini akanipigia: "Shemeji, wewe ndiye mhasibu kwenye ukoo huu. Hebu nipigie hesabu."

Nilikaa na kalamu usiku ule. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa ajili ya wazazi na vijana wengine wanaosimama kwenye njia panda hiyo, kwa sababu naona watu wanalinganisha vyuo kwa ada peke yake, au kwa jina peke yake, halafu miaka mitano baadaye wanashangaa.

Unanunua nini hasa?

Anza hapa, maana hapa ndipo bei inapobadilika. Shahada ya uhasibu haikupi haki ya kujiita mhasibu aliyethibitishwa. Haki hiyo inatolewa na NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Ukimaliza chuo na kusajiliwa unaingia daraja la mhasibu mhitimu. CPA(T), yaani cheti cha mhasibu aliyethibitishwa, inakuja baada ya kufaulu mitihani ya bodi hadi hatua ya mwisho na kukamilisha miaka mitatu ya uzoefu wa kazi. Kusaini ripoti ya ukaguzi ni hatua nyingine tena juu ya hapo.

Mitihani ya bodi hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu huruka hatua ya msingi na kuanzia hatua ya kati. Katika mtaala nilioufanya mimi, hatua ya kati ilikuwa na masomo sita na ya mwisho manne. Ukifaulu kila kitu kwa mwendo mzuri, ukigawa kila hatua kwenye vikao viwili, ni miaka miwili baada ya chuo. Kila ukianguka unaongeza miezi sita, na wanaoanguka si wachache. Mimi somo la kodi lilinirudisha mara mbili.

Sasa angalia matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira. Nafasi ya Mhasibu Daraja la II inaombwa na mwenye shahada ya uhasibu, au ya biashara iliyojikita kwenye uhasibu, au cheti cha hatua ya kati cha NBAA. Daraja la I linataja CPA(T). Kwa hiyo Serikali yenyewe inaiweka shahada na cheti cha kati cha bodi kwenye mizani moja, kisha inaiweka CPA juu ya vyote viwili. Mtu akikuambia "nimemaliza shahada, basi", ujue amelipa nauli ya Morogoro na safari yake ilikuwa Dodoma.

Kwa hiyo hesabu yangu yote hapa chini inakwenda hadi CPA. Joho naliona kituo cha njiani.

Ada zinafanana, maisha hayafanani

Vyuo vya umma havipishani sana kwa ada. Shahada ya uhasibu au ya biashara yenye mkondo wa uhasibu kwa kawaida inaangukia kati ya milioni moja na milioni mbili kwa mwaka, ukijumlisha na michango midogo midogo: usajili, kitambulisho, bima ya afya, serikali ya wanafunzi. Tofauti ya laki mbili au tatu kati ya chuo na chuo isikunyime usingizi. Kinachokula pesa ni mahali unapolala, unapokula na unavyofika darasani.

Tulifanya hivi na shemeji. Mwaka wa masomo tuliuhesabu siku 240, chumba miezi kumi. Bei ni zile tulizoulizia kwa watu tunaowafahamu, na wewe uulize zako.

Dar kwanza. Wanafunzi wengi wa IFM hupanga nje, na wapo wengi wanaokaa ng'ambo ya kivuko, Kigamboni. Chumba kimoja elfu 80 kwa mwezi, hiyo ni 800,000. Chakula cha mama ntilie pamoja na chai, elfu 6 kwa siku, ni 1,440,000. Nauli: daladala 600 kwenda, 600 kurudi, kivuko 200 kwenda, 200 kurudi, jumla 1,600, kwa siku 180 za vipindi na mitihani ni 288,000. Jumla ya mwaka ni 2,528,000.

Singida. Chumba elfu 35, jumla 350,000. Chakula shilingi 4,500 kwa siku, yaani 1,080,000. Nauli hakuna, unatembea. Jumla 1,430,000.

Tofauti ni 1,098,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 3,294,000, na hapo sijagusa ada hata senti. Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hicho ndicho kiwanja changu."

Kuna jambo la kodi ya nyumba ambalo watu hawaliweki kwenye hesabu. Mwenye nyumba wa Dar hataki mwezi mmoja mmoja; anataka miezi sita mkononi, pengine na ya dalali juu yake. Mtoto anafika chuoni Oktoba na anadaiwa karibu laki tano na nusu kabla hajanunua hata godoro. Familia nyingi zinakopa wiki ile ya kwanza, na deni hilo huwafuata mwaka mzima.

Mabweni yanageuza hesabu hii yote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mabweni ya Mlimani na yale ya Magufuli yaliyofunguliwa 2017 yenye nafasi 3,840. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ilijengwa tangu mwanzo, 2007, ikiwa na mabweni mengi ndani ya eneo lake. Mzumbe iko nje ya mji wa Morogoro, kando ya barabara ya Iringa, na mwanafunzi anaweza kuishi humo humo asipande gari wiki nzima. Ukipata kitanda Mlimani, Dar inaweza kukugharimu pungufu ya chumba cha kupanga kwenye mji mdogo. Ukikosa, jua umerudi Kigamboni, Kimara au Mbagala. Uliza nafasi ya bweni kabla ya kuthibitisha, na uliza wanaosoma hapo sasa, maana kipeperushi kinaonyesha bweni bila kuonyesha foleni yake.

Mkopo: bumu halijui uko mji gani

Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, ile wanafunzi wanayoiita bumu, imekuwa shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022, ikipanda kutoka 8,500. Kwa siku 240 ni 2,400,000. Kiwango ni hicho hicho uwe Posta, uwe Singida, uwe Kigoma.

Rudi kwenye hesabu ya juu. Mwenye mkopo kamili Dar anapungukiwa 128,000 kwa mwaka, hapo hajanunua kalamu wala vocha. Mwenye mkopo huo huo Singida anabakiwa na 970,000. Nampenda kijana atakayeitenga hiyo ya kubaki kidogo kidogo kwa ajili ya NBAA, kwa sababu mkopo wa elimu ya juu haulipii mitihani ya bodi. Usajili wa bodi, ada ya kila somo, ada ya mwaka, madarasa ya marudio, vyote vinatoka mfukoni kwako, na vinakuja wakati mbaya kabisa: umemaliza chuo, bumu limekatika, kazi bado.

Si kila mtu anapata mkopo kamili, wala si kila anayeomba anapata. Hesabu ifanyike mara mbili: moja ya ukipata, moja ya ukikosa. Kama ile ya kukosa haiwezekani bila kuuza mali, chuo hicho ni ghali kwako hata kama ada yake ni ndogo.

Halafu mkopo ni deni. Chukulia ada milioni 1.5 kwa mwaka, miaka mitatu milioni 4.5. Ongeza bumu la miaka mitatu, milioni 7.2. Unadaiwa milioni 11.7. Sheria inamkata mwajiriwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa msingi wa laki 8 ni 120,000 kila mwezi, na itakuchukua zaidi ya miaka minane kumaliza. Nafuu moja kubwa ilikuja 2021, pale ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipofutwa. Kabla ya hapo deni lilikuwa linaumuka kama unga wa maandazi. Hata hivyo miaka minane ni mingi. Wakati unakatwa ndio wakati unaolipia mitihani ya CPA, na pengine umeshaoa au kuolewa.

Chuo kwa chuo, kwa macho ya mtu wa kazi

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shule Kuu ya Biashara inatoa shahada ya biashara ambamo unachagua mkondo wa uhasibu. Nguvu yake ni jina, maktaba, na wenzako darasani: hao ndio utakaokutana nao kwenye benki na kwenye kampuni kubwa za ukaguzi. Anayelenga kuingia PwC, KPMG, Deloitte au EY moja kwa moja, na akapata bweni, simzuii. Ushindani wa kuingia ni mkali, kwa hiyo jiulize alama zako zinasemaje.

IFM. Ilianzishwa 1972, mwaka mmoja na NBAA. Iko Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Makumbusho ya Taifa, na Benki Kuu haiko mbali. Ukiwa hapo unapata kitu ambacho fedha hainunui mkoani: unatoka kipindi saa sita, saa saba uko kwenye ofisi ya ukaguzi ukipanga vocha za mteja kwa posho ndogo. Nawajua waliolipia CPA yao kwa kazi za namna hiyo. Ila lazima uwe mtu wa kuhangaika. Aliyekwenda Posta kusubiri vipindi tu amelipia eneo asilolitumia. IFM ina kampasi nyingine pia, Mwanza na Dodoma zikiwemo, na ukisoma huko hesabu ya maisha inashuka huku jina la cheti likibaki lile lile.

Mzumbe inagawa shahada yake ya uhasibu na fedha mara mbili: sekta ya biashara na sekta ya umma. Anayejua tangu sasa kwamba anataka halmashauri au wizara, hii ya pili inamfaa sana, kwa sababu hesabu za Serikali zina viwango vyake na mifumo yake, na mhitimu aliyewahi kuzisikia darasani hashtuki siku anapofunguliwa MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini.

Dodoma. UDOM wana shahada ya biashara yenye uhasibu, CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, nao wana kampasi yao pale. Tangu Serikali ihamie, mji huu umekuwa na uzito wa pekee kwa wahasibu: wizara ziko Mtumba, ofisi za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ziko hapo, NBAA yenyewe makao makuu yako hapo. Kwa anayetaka mafunzo kwa vitendo serikalini, ile tunayoita fildi, kwa sasa Dodoma naiweka mbele ya Dar.

TIA. Hiki ni chuo kilichozaliwa kwa ajili ya uhasibu na kipo Dar, Mbeya, Singida, Mtwara, Mwanza na Kigoma. Thamani yake kubwa ni huko kusambaa. Mtoto wa Kigoma anaweza kusoma akilala kwao, akala ugali wa nyumbani, na cheti chake kikapimwa na bodi ile ile, kwa mtihani ule ule. Anayesahihisha mtihani wa NBAA anaona namba ya mtahiniwa. Jina la chuo chako halimo kwenye karatasi. Upungufu ni fildi: kwenye mji mdogo ofisi ni chache, na zilizopo zinagombaniwa.

Chuo cha Uhasibu Arusha, pale Njiro, nakitaja kwa sababu ya shahada inayounganisha uhasibu na teknolojia ya habari. Kazi ya kuandika vitabu kwa mkono imekwisha. Mhasibu anayeweza kuhoji mfumo, kutoa taarifa kwenye kanzidata na kuona pale namba zilipochezewa, huyo hapati shida ya ajira kama mwenzake. Arusha si mji rahisi, kodi zake zinakaribia za Dar, lakini mchanganyiko huo wa masomo una uzito.

Vyuo binafsi, kama SAUT ya Mwanza au Zanzibar University kule Tunguu, ada zake kwa kawaida huwa juu ya za umma. Sioni sababu ya kulipa zaidi kwa uhasibu peke yake, isipokuwa chuo kiko jirani na kwenu na tofauti ya ada inamezwa na kuokoa chumba. Mzanzibari akumbuke kuna Bodi ya Mikopo ya Zanzibar, na taratibu zake ni tofauti na za bara.

Chuo Kikuu Huria ni hadithi tofauti kabisa. Kilianza kupokea wanafunzi 1994, kina vituo mikoani, na unaweza kuitawanya shahada kwa miaka mingi ukilipa kadiri unavyosoma. Kwa aliye kazini tayari, karani wa halmashauri au mtunza fedha wa SACCOS, hesabu yake inashinda zote kwa sababu mshahara haukatiki. Kwa kijana wa kidato cha sita asiye na kazi, simshauri, kwa sababu uhasibu wa kampuni tanzu ukiusoma peke yako usiku, bila mwenzako wa kukuuliza "hii imetoka wapi?", unakukatisha tamaa mapema.

Liko jambo moja linalofunika yote haya. Jina la programu lina madhara. Shahada ya usimamizi wa biashara yenye masomo machache ya uhasibu inaweza kukuanzisha hatua ya msingi badala ya ya kati, na huo ni mwaka mzima na ada zake umeongeza. Kabla ya kuthibitisha, peleka jina kamili la programu NBAA na uulize: mwenye shahada hii anaanzia hatua gani? Jibu hilo lina thamani kuliko punguzo lolote la ada.

Na je, shahada ni lazima?

Hapa shemeji hakupenda nilichosema, lakini nilikisema. Mimi sikuanzia shahada. Nilitoka kidato cha nne, nikasoma astashahada mwaka mmoja na stashahada miaka miwili mkoani, nikaajiriwa kutunza vitabu vya chama cha ushirika. Niliingia mitihani ya bodi hatua ya msingi huku nikilipwa. Cheti cha hatua ya kati nilikipata kabla sijawahi kukaa kwenye ukumbi wa chuo kikuu.

Linganisha. Aliyemaliza kidato cha nne na kwenda kidato cha tano na sita, kisha shahada, anafika mwisho baada ya miaka mitano, bila kipato, na uwezekano wa deni la milioni kumi na kitu. Aliyepita astashahada na stashahada anaweza kuwa ofisini baada ya miaka mitatu, akisoma masomo ya bodi mawili matatu kila kikao. NBAA ina pia mitihani ya ngazi ya fundi sanifu, ATEC, kwa wanaoanzia chini kabisa. Wote wawili wakikutana kwenye hatua ya mwisho, mtihani ni mmoja.

Lakini sitaki kumdanganya mtu. Njia yangu inachosha mwili. Unatoka kazini saa kumi na moja, unafungua kitabu saa mbili usiku, na mwajiri hakupi likizo ya mitihani kila mara. Wengi wanaishia katikati. Halafu kuna milango inayodai shahada kwa jina: vyeo vingi vya juu, masomo ya uzamili, na waajiri wengi binafsi wanaochuja maombi kwa neno hilo moja. Ndiyo maana baadaye nilirudi kuisoma, nikiwa na watoto wawili. Stashahada yenye wastani wa kuanzia 3.0 inakufungulia mlango wa shahada, kwa hiyo mlango haujafungwa. Unauahirisha tu hadi uwe na cha kulipia.

ACCA, cheti cha uhasibu cha Uingereza, wengi wananiuliza. Masomo yake ni 13 na unalipa kwa pauni. Kwa anayetaka kufanya kazi Ghuba au Ulaya ina maana. Kwa anayetaka kufanya kazi Tanzania, pesa hiyo ipelekwe kwanza kwenye CPA(T).

Tulivyoamua

Mpwa wangu alikuwa na alama nzuri na hakuwa na uhakika wa mkopo. Nikamuuliza swali moja: "Ukienda Posta, uko tayari kuzunguka ofisi za watu ukiomba kazi ya posho kuanzia muhula wa kwanza?" Akafikiri kwa unyoofu, akajibu, "Mjomba, bado sijawa mtu wa hivyo." Alithibitisha Singida siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Mkopo ukatoka baadaye, wa sehemu.

Yapo aliyoyakosa, nami nayaona. Fildi ya mwaka wa kwanza Singida haikupatikana ya maana, ikabidi aje Dar, akakaa kwangu Kimara wiki nane akijifunza ukaguzi wa ndani kwenye kampuni moja. Mwenzake wa IFM aliyemkuta pale alishaifahamu ofisi ile kwa mwaka mzima. Pengo hilo lipo, na atalifidia kwa kuja tena likizo ijayo.

Kwa upande mwingine, kila bumu likitoka anatuma elfu 60 kwenye akaunti tuliyoifungua kwa jina lake, ya NBAA peke yake. Atamaliza mitihani ya mwisho ya chuo Julai mwakani. Tumeshapanga masomo matatu ya kikao cha Novemba mwaka huo huo, kodi ikiwa ya kwanza, kwa sababu nimemwambia kilichonipata mimi. Kiwanja bado kipo. Shemeji amepanda mihogo.